Kiuno cha Suruali

Fundi cherehani alikuwa anafagia chakula chote sahanini, halafu papo hapo anafoka kwamba wanamlaza njaa. Na bado alikonda. Daktari alimweleza mkewe kwamba ugonjwa wa kusahau alio nao mumewe huvuruga njaa na hata jinsi mwili unavyotumia chakula; akabadilisha dawa, akaagiza maziwa na karanga. Wapi! Mkewe aliendelea kuketi kwenye cherehani ya mumewe, akimpunguzia suruali ileile.

Leo mzee aliipokea, akapapasa kiunoni alama za mishono iliyofumuliwa, mstari baada ya mstari, kama alivyozoea kukagua kazi.

“Dada,” alimnong'oneza mkewe, “mwenye suruali hii anakwisha. Ana mke?”

“Anaye.”

“Basi ifiche, mkewe asiione.”