Ofisi ya Muda

Dada yangu Velda alitoka kwetu Nebraska kwenda Washington wakati wa vita vya pili vya dunia, matairi yalipoadimika, kupiga chapa katika ofisi ya serikali ya kuyagawa kwa mgao. Ofisi ilikuwa ya muda, ndani ya jengo la mbao la muda, naye akamwambia mchumba wake Orrin, "Ikifungwa tu, narudi tuoane."

Vita vikaisha. Matairi yakajaa madukani. Ofisi ikabaki, maana ilibidi mtu aandike historia ya ugawaji wa matairi, mwingine aikague, na mwingine amsimamie mkaguzi.

Velda akaamua kuifunga mwenyewe. Sisi mama alitushonea magauni kwa mifuko ya unga. Kubana matumizi tulikuzwa nako. Akazima taa, akachapa karatasi pande zote mbili. Kila Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, wakati ofisi nyingine zinanunua viti kama zimeingiwa wazimu ili zisipunguziwe fungu la mwaka ujao, yeye alirudisha hela zilizobaki. Aliamini wakubwa wakiona hazihitajiki, watafunga.

Orrin akachoka kungoja. Mwaka wa hamsini nilipanda naye treni kwenda kumchukua Velda. Tulimkuta mlangoni pa ofisi, macho mekundu, mkuu wake Bwana Tunstall akimpa mkono.

"Hongera, Bi Stroud! Bunge limefurahi mno. Hakuna ofisi iliyowahi kurudisha hela! Wametupa jengo jipya na watu kibao, tufundishe wengine kubana matumizi."

"Lakini mimi nilitaka mfunge!"

"Tufunge? Ndiyo kwanza tunaanza, mama!"

Orrin akavaa kofia. "Velda, chagua: mimi au serikali. Ila mimi jengo sina."

Dada akacheka huku analia. Akachukua koti lake, wakaondoka na treni ya jioni. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi. Mimi nilibaki nyuma kumfungia mizigo.

Nafasi yake ilijazwa na watu watatu. Mmoja wao ni mimi. Bwana Tunstall aliniapia kwamba ni kazi ya muda tu.

Kila Krismasi Orrin alinichokoza mezani, mbele ya watoto wao: "Shemeji, bado hawajafunga tu?"

"Bado kidogo," namjibu.

Nimestaafu juzi. Juni yangu ya mwisho pale, tulinunua viti.