Makaa Chini ya Kona

Asubuhi ile saveya alipokuja kugawa shamba letu, kule ndani ya Cheptiret, niliamka kabla ya jogoo. Nilikanda unga wa chapati za watu kumi na watano huku moyo ukinidunda kama wa mtoto anayengoja Krismasi. Nilikuwa na sababu. Kwetu shamba hugawanywa mara moja, na ukikosa siku hiyo umekosa. Nilikuwa nimerudi nyumbani na binti yangu baada ya ndoa kunishinda, na kakangu mkubwa, mwalimu anayeishi Kimumu, alishanitangazia kwamba bikoni, zile alama za mpaka, zikiingia ardhini nitafute chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Munyaka.

"Shamba ya msichana iko kwa bwanake," alisema, akijimiminia maziwa ya mursik kutoka kwenye kibuyu bila kunitazama.

"Na kama bwana hayuko?"

"Si utafute mwingine."

Nilicheka, maana nikikasirika chapati huungua. Lakini nilishaapa: leo nitauliza swali langu mbele ya watu, liwalo na liwe.

Hapa lazima nieleze habari ya makaa. Mwaka nilioitwa kidato cha kwanza, Baba alisema karo ya mmoja ipo, ya wawili hakuna. Aliyelipiwa alikuwa kakangu mkubwa. Barua yangu ya kuitwa shule niliikunja nikaificha chini ya godoro, na jembe nikalishika. Nililia, sitasema uongo. Muhula ule ule Baba na jirani yetu walikubaliana mpaka, wakachimba shimo kwenye kona na kumwaga makaa ndani, kwa kuwa makaa hayaozi na mchwa hawayali. Juu yake wakaweka jiwe. Kisha wakataka shahidi, na shahidi wa mpaka kwetu lazima awe mtoto, kwa sababu mtoto ana miaka mingi mbele yake ya kukumbuka. Ilikuwa Jumanne. Kaka zangu wote wawili walikuwa shuleni, yule mdogo akiwa bado shule ya msingi. Mtoto aliyekuwa nyumbani ni mimi.

Basi, saveya akafika na mashine yake ya miguu mitatu. Jirani yule wa zamani alishafariki, na mwanawe hakujua lolote. Jiwe lilikuwa limeng'olewa na trekta zamani. Baba, ambaye macho yake sasa yana ukungu, aliketi kwenye kiti cha plastiki akisema tu, "Chimbeni, makaa iko." Kaka zangu wakaenda moja kwa moja kwenye mkaratusi mkubwa, wakiwa na hakika kwamba mti mzee namna ile ndio alama. Wakachimba shimo la kwanza, la pili, la tatu. Udongo mwekundu mtupu.

"Mzee, nikikosa alama nitaweka kona hapa kwa mti," saveya alisema.

Binti yangu alikuja jikoni mbio. "Mama! Wanataka kuweka kona kwa mti!"

Niliiacha chapati ikaungua. Nilikimbia na unga hadi kwenye viwiko, leso ikinitoka kiunoni, nikipiga kelele kabla sijafika. "Wacheni hapo! Hiyo mti nilipanda mimi! Nilipanda mwaka uliofuata makaa kuwekwa!"

Kila mtu alinigeukia. Nilikwenda kisimani, nikasimama kama Baba alivyosimama siku ile aliponipimia kona kwa hatua zake, nikaanza kufuata mtaro huku nikihesabu kwa sauti. Hatua arobaini za Baba, na miguu yake mirefu nimeirithi, hakuna aliyeninyima hiyo. Namba hiyo sikuwahi kuisahau. Mwaka ule sikuwa na hesabu nyingine ya kufanya.

"Hapa."

Kakangu mdogo alipiga jembe mara tatu. Pigo la nne likatoa weusi. Makaa! Mamangu alipiga vigelegele kutoka mlangoni, nami nikaruka juu kama msichana wa shule, nikiwa na umri huu. Ile kona ilituokolea kipande kizima cha shamba kando ya mto.

Nikaona nisingoje damu ipoe. Nilipiga magoti kando ya kiti cha Baba. "Baba, mimi ndiye shahidi wa hii shamba. Mbona sina shamba?"

Kakangu mkubwa alikohoa. Baba aligeuza uso kule kikohozi kilikotoka.

"Nani mwingine hapa angetuonyesha?" aliwauliza wanawe. Kisha akageuka. "Saveya, gawa mara tatu."

"Baba, na mila?" kakangu mkubwa akauliza.

"Mila si ilikuwa inachimba kwa mti?"

Watu walicheka hadi saveya akashika mashine yake isianguke. Nilipata ekari moja, ile ya karibu na mto. Wao walipata mbili na nusu kila mmoja. Msidhani sikuliona hilo. Nililiona, nimeliweka, na siku yake itafika. Lakini siku ile ningeweza kumkumbatia hata yule mwalimu wa Kimumu.

"Lete makaa," Baba akaniambia.

Nilichota kwenye gunia la jikoni, lile lile la kupikia chapati zao, nikayamwaga kwa mikono yangu kwenye shimo la kona yangu.

"Shahidi ni nani?" Baba akauliza.

Nilimwita binti yangu. Nilimshika bega, nikamwonyesha kisima, nikamwambia atembee ahesabu kwa sauti na asisahau. Alihesabu, akafika, akachungulia shimoni kwa makini.

Ilikuwa Jumamosi. Hakukosa somo hata moja.