Meno ya Dani Damaris

Dolphine alipomaliza darasa la nane, karo ya sekondari haikupatikana, akaenda kumshikia ngazi fundi wa kuchora mabango pale soko la Rangwe. Fundi alipoumia mgongo, alimwachia brashi. Leo ukiona mchoro wa kichwa cha kinyozi au kuku wa hoteli kwenye ukuta wa soko hilo, huenda ni mkono wake. Lakini anachopenda hasa ni nyuso.

Kwa hiyo Dani Damaris, yaani Bibi Damaris kwa Kijaluo, alipofariki, binti yake Beverly alimwomba Dolphine amchore, picha isimame kando ya jeneza. Picha pekee iliyokuwepo ilikuwa ya kitambulisho, na humo Dani amefumba mdomo kama anayengoja sindano. Dolphine alimjua Dani wa sokoni, aliyeuza njugu na kucheka wazi, meno sita ya chini hayapo. Yaling'olewa akiwa msichana, ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zamani. "Sikutoa hata sauti," alikuwa akijisifu. Siku nne Dolphine alichora ubaoni, mtoto wake mgongoni, akilifuta lile pengo na kulirudia. Likizidi, Dani anakuwa kichekesho. Likipungua, si Dani.

Asubuhi ya mazishi alikuta ubao wake umeegemezwa nyuma ya tangi la maji. Mbele ya hema lilining'inia bango kubwa la mwanamke mzee, ngozi inang'aa, anatabasamu kwa meno yote.

"Huyo ni nani?"

"Si ni Dani," alisema Gordon, mwana wa Beverly, anayefanya kazi ya kompyuta Homa Bay. "Niliipa kompyuta picha ya kitambulisho, nikaiambia imfanye atabasamu. Sekunde kumi tu. Sanaa ya siku hizi ndiyo hiyo, dada."

"Na meno?"

"Imemrekebisha."

Damu ilimpanda Dolphine. "Imrekebishe nini? Dani alikuwa ameharibika?"

"Wacha wivu. Yako ni nzuri, lakini inaaibisha. Kuna wageni wa Nairobi."

"Hiyo kompyuta ilimwona Dani akicheka lini? Imekisia bibi yeyote tu, na wewe ukakubali! Mimi nikikosea nafuta, kwa sababu namjua. Yenyewe itajuaje imekosea?"

"Haya, profesa wa darasa la nane."

Hapo akafika Edith, mdogo wake marehemu, akishikwa mkono na Beverly. Alisimama chini ya bango akalitazama kwa muda.

"Nani amekufa hapa? Mimi niliambiwa ni dada yangu."

Edith akafungua kinywa, akageuka huku na huku ili kila mtu aone pengo lake. "Tuling'olewa asubuhi moja, yeye na mimi. Hayo mengine alipewa na nani?"

"Gordon, teremsha," alisema Beverly.

"Mama, programu zote za mazishi zimechapishwa nayo!"

"Nimesema teremsha."

Dolphine hakungoja. Alitoa ubao nyuma ya tangi, akapita nao katikati ya waombolezaji bila kuomba njia, akausimamisha kichwani pa jeneza. Edith akagusa kile kinywa cha rangi kwa kidole, na ndipo akaanza kulia.

Gordon alisogea na simu yake. "Kumbe si mbaya. Ngoja niipige picha, nikaipitishe kwa kompyuta iing'arishe kidogo."

Dolphine aliziba kamera kwa kiganja.

"Huyu humgusi," alisema, na mkono hakuutoa.