Radhi ya Bibi kwa Kipaza Sauti

Mwanangu, siku ile Bibi yangu alipoomba radhi kwa kipaza sauti cha kuuzia masufuria naikumbuka hadi vumbi lake. Wewe bado hujazaliwa. Mimi mwenyewe niko kidato cha tatu hapa Nachingwea, na baba yako simjui wala sina haraka naye. Nakuandikia mapema kwa sababu ana kwa ana sitaweza. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiitwa jina naitikia kwa kunyoosha kidole.

Kwanza umjue Bibi Hadija, mama yake mama yangu, aliyenilea. Miaka ile ya korona alikuwa anangoja kwenda Maka kuhiji. Alishaweka akiba ya korosho na ufuta msimu baada ya msimu, na alipokuwa tayari tu, dunia ikafungwa. Ilipofunguliwa, ilifunguliwa kama mlango wa mtu anayekula: kidogo, na maswali mengi. Chanjo ziwe zimekamilika. Umri usizidi ule waliopanga, na Bibi aliponea chupuchupu. Cheti kisomwe na mashine. Anwani ya barua pepe iwepo, kwa hiyo nikamfungulia. Nadhani ndiye mwanamke pekee wa rika lake huku kwetu mwenye barua pepe, na mpaka leo hajui kama anayo. Halafu kile kipimo cha puani, kisizidi siku tatu kabla ndege haijaruka. Ukiwahi, kimeisha muda. Ukichelewa, majibu hayajatoka.

Sasa kwetu, mtu anayekwenda kuhiji haondoki kimyakimya. Anazunguka kwa watu wake mmoja mmoja, anaomba radhi. Bibi alianza mapema. Akaenda Mnero, akaenda Mkotokuyana, akarudi na kuku kwapani na moyo mweupe. Kila nikimuuliza, "Bibi, na Bi Somoe wa Chunyu?" ananijibu, "Huyo nitamalizia."

Bi Somoe alikuwa shoga yake wa tangu usichana. Walichezwa unyago pamoja, kisha Bibi akaolewa huku, mwenzake akaolewa Chunyu, upande wa Ruangwa. Bi Somoe alipomwoza binti yake Zuhura, upishi wa pilau akampa mtu mwingine, si Bibi. Siku ya harusi, masinia yameshawekwa, likapita neno kwenye mikeka kwamba yule mbuzi hakuwahiwa kisu, alikufa mwenyewe, ni kibudu. Watu wakarudisha mikono. Pilau ikaliwa na mbwa. Bi Somoe akasema neno limetoka kwa Bibi. Bibi akakataa katakata. Hawakusemezana tena, na mimi wakati huo hata shule sijaanza.

Basi Bibi akaendelea na "nitamalizia" yake mpaka siku ya kipimo ikafika. Mjomba Saidi, mwanawe Bibi, anauza masufuria minadani kwa kigari chake cha mizigo, kirikuu. Akatupeleka hospitali ya mkoa. Bibi akaingizwa kijiti puani, akatoka machozi yanamchuruzika, akasema, "Wametafuta ubongo, wamekosa."

Tuko njiani kurudi, kiongozi wa msafara wa mahujaji akapiga simu. Aliyepimwa asichanganyike na watu. Asishike mkono wa mtu, asiingie nyumba ya mtu, barakoa isitoke usoni. Uwanja wa ndege wanaweza kumpima tena, na akikutwa na ugonjwa, kiti chake anapewa mwingine. Na mwakani, mwanangu, umri ungekuwa umeshampita. Ilikuwa safari hii au basi.

"Tunapitia Chunyu," Bibi akasema.

"Mama, hujamsikia mzee wa watu?"

"Nimemsikia. Siendi Maka na pilau ya watu shingoni."

Mjomba akafikiri. Akasogeza masufuria nyuma ya kirikuu, akaweka kiti cha plastiki katikati, Bibi akapandishwa, barakoa mbili usoni na mtandio juu yake. Tukaingia Chunyu namna hiyo. Watoto wakadhani tumeleta bibi harusi, wakatukimbilia kwa vigelegele.

Bi Somoe alikuwa uwanjani kwake anapepeta ufuta. Mjomba akasimamisha gari mbali naye, Bibi akasimama juu, akapaza sauti. Kilichotoka kwenye zile barakoa kilikuwa kama nyuki ndani ya mzinga.

"Nani huyo?" Bi Somoe akawauliza watoto. "Anauza nini?"

Mjomba akampa Bibi kipaza sauti chake. Bibi akabonyeza kusiko, kikaanza kusema chenyewe, sauti ya Mjomba aliyoirekodi kwa ajili ya mnada: "Masufuria! Hayaungui, hayatoboki! Njoo mama, njoo dada!" Wanawake wakatoka nyumba zote. Wengine walikuja na hela mkononi kabisa. Bibi akataka kuvua barakoa aseme yaishe.

"Mama, ndege!" Mjomba akapiga kelele, na Chunyu nzima ikatazama juu.

Bibi akamtazama Mjomba amsemee. Mjomba akasema yeye ni dereva tu, mambo ya kinamama hayamhusu. Ndipo Bibi akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, nisemee."

Nilitamani nijifunike sufuria kubwa kuliko zote. Lakini nilipanda.

"Bibi anasema..." nikaanza, na hata mimi sikujisikia.

"Fungua mdomo, si unakula nao?" Bibi akanong'ona nyuma yangu.

"BIBI HADIJA ANASEMA ANAOMBA RADHI!"

Bi Somoe akaweka ungo chini. "Radhi ya nini?"

Bibi akaninong'oneza. "YA YALE MAMBO!" nikasema.

"Mambo gani? Mimi na bibi yako tuna mambo mengi."

Niliona macho ya Bibi juu ya barakoa, yamekuwa madogo kama ya mtoto aliyekutwa jikoni. Akavuta pumzi, akaninong'oneza yote, na mimi nikageuka kumtazama, maana miaka yote nilikuwa nambishia kila anayemsema.

"Sema," akaniambia. "Hivyo hivyo."

"BIBI ANASEMA MBUZI WA HARUSI YA ZUHURA ALICHINJWA VIZURI! YEYE NDIYE ALIYESEMA NI KIBUDU! HAKUAMBIWA NA MTU! ALIKASIRIKA HAKUPEWA KUPIKA!"

Kidole kikateleza. "Hayaungui, hayatoboki!" kikamalizia kipaza sauti.

"Kumbe ningekula!" mzee mmoja akasema kwa uchungu kabisa, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Bi Somoe hakucheka. "Rudia. Wa kule kisimani hawajasikia." Nikarudia. "Na kule msikitini." Nikageuzia kule, nikarudia, mpaka sauti ikakwama. Ndipo akaja, mikono ameshainyoosha, na Mjomba akaruka katikati na mfuniko wa sufuria kama ngao.

Bi Somoe akasimama hapo hapo.

"Hadija," akasema, "ungekuja ukaninong'oneza ndani ningekusamehe, na watu hawa wangeendelea kuamini niliwapa kibudu. Nimekuradhia. Nenda kaniombee. Ukirudi nitapika, na utakula wewe wa kwanza, watu wanatazama."

Bibi alilia ndani ya barakoa mbili na hakuruhusiwa hata kupenga kamasi.

Majibu yalikuja safi, kwenye barua pepe ile asiyoijua. Uwanja wa ndege wakatazama saa ya kipimo, wakamtazama yeye, wakampitisha. Na aliporudi, Hajjati mzima, tulikwenda Chunyu. Akala wa kwanza, akaongeza sahani, Chunyu inatazama. Halafu akaniinamia sikioni.

"Chumvi imezidi kidogo."

Nikamkazia macho.

"Sijasema kitu," akasema, akaendelea kula.

Sasa nikwambie nilichotaka kukwambia. Masharti ya safari hubadilika, na wewe utakutana na ya kwako nisiyoyajua. Lakini usingoje ndege ndiyo umkumbuke uliyemkosea. Omba radhi ungali unaweza kunong'ona. Na kama ubaya uliutangaza uwanjani, usijifiche chumbani kuufuta. Ufute pale pale. Ukirithi aibu yangu, ujue haiui. Mimi nilipiga kelele Chunyu nzima na kesho yake niliamka, nikanywa uji.

Mungu akufungulie kila mlango utakaoubisha, akupe majibu safi na watu wenye radhi nawe huku nyuma, na siku mdomo wako ukizibwa, akupatie wa kukusemea. Amina, mwanangu.