Sanamu Isiyosimama

Juzi, saa chache kabla ya filamu yangu kuonyeshwa mjini kwa mara ya kwanza, nilifungua kopo la rangi ya viatu, na harufu yake ikanirudisha moja kwa moja Mbotela, mtaa niliokulia. Wengine wakiinusa hukumbuka viatu vya shule. Mimi nakumbuka twiga.

Baba alikuwa mchongaji. Twiga wake, dazeni kwa dazeni, aliwang'arisha kwa rangi hiyo hiyo, hata chapati za Mama zikaanza kunukia viatu. Kila twiga alisimama juu ya kibao kidogo, maana wenye maduka hawakutaka kitu cha kuangukaanguka. Nami, mtoto wa miaka tisa niliyejifunza kuchora kwa kumtazama, niliamini kila kiumbe cha kutengenezwa kwa mkono lazima kiwe na kibao chini ya miguu. Msinicheke.

Basi nikaunda sinema yangu. Nilikata dirisha kwenye katoni ya sabuni, nikaunganisha karatasi za daftari kwa uji mzito, nikaviringisha hadithi yangu kwenye vijiti viwili vya ufagio. Tatizo ni kwamba Mama alikuwa ameitenga katoni hiyo kwa ajili ya makaa yake.

"Watoto wakitoka kabla sinema haijaisha, Mwikali, katoni naichukua," akasema. Wala hakuwa akitania.

Jumamosi mchana watoto wa jirani walijaa uani. Nikazungusha kijiti. Akatokea msichana, na nyuma yake fisi mwenye meno kama misumari. Halima wa nyumba ya pili, ambaye hakujua kunyamaza, akainuka.

"Aai, Mwikali! Mbona kila mtu amesimama kwa kibao? Huyu dem atahepa fisi aje na hiyo kitu kwa miguu?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wawili wakaanza kuondoka, na Mama akaitazama katoni. Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Ngojeni!"

Karatasi ya mwisho ilikuwa tupu. Nikanyakua penseli ya Baba, nikachora mbio mbio, kisha nikazungusha. Dirishani pakatokea kibao peke yake, hakuna mtu juu yake.

Halima akasogea hadi karibu na dirisha.

"Ameruka!" Halima akapiga mayowe. "Dem amehepa!"

Wee! Walinishangilia mpaka nikairudia mara tatu. Mama akaenda kuyatafutia makaa yake gunia.

Baba alitazama yote hayo kutoka mlangoni, msasa mkononi. Siku mbili baadaye alinipa sanamu ya msichana anayekimbia, mguu mmoja hewani, bila kibao. Niliiweka mezani, ikaanguka. Nikaiweka tena.

"Baba, haisimami."

"Najua. Huyo ana haraka."

Nilidhani mbao zimemwishia, nikamhurumia. Ilinichukua vitabu kadhaa vya katuni, na watu wengi wa kuniambia nichore kinachouzika, ndipo nikaelewa. Hakuna duka ambalo lingeichukua sanamu ile. Katika miaka yote ya twiga, hiyo ndiyo ya kwanza aliyoichonga kwa sababu alitaka mwenyewe.

Juzi filamu yangu ilianza na kibao kitupu. Ilipoisha, ukumbi ulilipuka kwa vifijo, nami nikamtafuta Baba safu ya mbele. Alikuwa amesimama, mzee mzima, akipiga makofi kuliko wote, na sanamu yangu ameibana kwapani isianguke.