Mto Mweupe Nyuma ya Kilima

Asubuhi hiyo niliondoka Igoma, pale Mwanza, bila kumuaga mtu wala kujua ninakokwenda. Mgongoni nilikuwa na shanta la mtumba, lile la wazungu wapanda milima, lenye mikanda mingi, hata wa kiunoni ambao sikujua kazi yake. Miaka ile mitumba ilikuwa imemwagika mjini, na mimi, niliyeacha shule darasa la sita, niliona mwenye shanta kama lile hana sababu ya kukaa sehemu moja.

Niliiacha barabara ya Musoma nikashika njia ya ng'ombe kuelekea vilimani. Kilikuwa kiangazi hasa. Nyasi zilikuwa zimechomwa, kila hatua ilitimua majivu, na majabali yalikuwa ya moto kiasi kwamba ukiegemea unaruka. Lakini njia ilikuwa kavu na ngumu, haina tope wala umande, na ukigeuka unaliona ziwa lote nyuma yako. Nikaimba njia nzima. Saa sita maji ya chupa yalikuwa yamekwisha. Sikujali, maana kutoka kileleni niliona mto bondeni, mweupe, unang'aa.

Nikateremka mbio. Ulikuwa mchanga mtupu.

Katikati ya mto huo mama mmoja alikuwa anachimba, shimo limemfika kifuani. Pembeni kulikuwa na dumu tupu la lita ishirini.

"Shikamoo, mama. Maji ya hapa yamekwenda wapi?"

"Marahaba. Yapo, yamelala chini. Ulitaka yakusubiri juu?"

Nilipomweleza kuwa nimetoka Mwanza na nilivyouona mto uking'aa, alicheka mpaka akakaa.

"Watu wa Mwanza. Mna ziwa zima, halafu mnakuja kufa kiu kwetu. Ingia uchimbe, mikono yangu imechoka."

Koo lilikuwa limekauka hata kumeza mate siwezi. Nikachimba. Mchanga ukaporomoka, nikachimba tena, ukaanza kulowa, na mwishowe maji yakachuruzika, mekundu. Nikainama.

"Hayo mwaga," akasema.

Yaliyofuata yalikuwa meupe na ya baridi. Nilikunywa kata nne bila kupumua.

Dumu lilipojaa, aliangalia mlima, kisha akaangalia shanta.

"Umebeba nini humo?"

"Shuka na shati."

"Basi kuna nafasi."

Dumu liliingia kama lilipimwa. Mabega yakalia. Nikafunga ule mkanda wa kiunoni, na uzito ukahamia kwenye nyonga. Kumbe ndiyo kazi yake! Mama alitangulia mikono mitupu, akimwambia kila tuliyekutana naye, "Nimepata punda wa Mwanza. Huyu anaongea."

Nyumbani kwake mumewe alikuwa anapukuchua mahindi. Alinitazama, akalitazama dumu.

"Mgeni analala wapi?"

"Chumba cha vijana. Ngozi ya ng'ombe ipo."

"Na kesho?"

"Kesho dumu litakuwa tupu tena," mama akasema, akaingia jikoni.

Nikafungua mkanda wa kiunoni, nikauliza hicho chumba cha vijana ni kipi.