Viunza vya Bi Moza

Asikudanganye mtu: Angelina si mpole, na hajawahi kuomba radhi kwa hilo. Ni Mmakua wa Masasi, alifika Magomeni akiwa binti, na sasa mvi zimeanza kuchungulia na bado yupo kwenye chumba kilekile cha kupanga, anaunda magitaa uani kwa mikono yake. Magitaa, na yale madogo ya nyuzi nne yanayoitwa ukulele, ambayo shule za chekechea zinayapenda. Ole wako umpitie na mzaha wa "mama vigitaa". Utajuta kuzaliwa.

Kazi aliirithi kwa baba yake, seremala aliyetengeneza vitanda na kuyafufua magitaa ya bendi yaliyovunjika. Mzee alipofariki, kaka zake walikaa kugawana: huyu shamba, huyu baiskeli, huyu mabati. Angelina wakamsukumia msumeno na randa huku wakicheka. "Haya, na wewe nenda karande upepo." Akavibeba vyote viwili mpaka Dar, na kila akikikumbuka kile kicheko anaisukuma randa kwa nguvu zaidi. Kuna wanaofanya kazi kwa mapenzi. Yeye anafanya kwa mapenzi na kwa kinyongo, na mimi sioni ubaya wake.

Shida yake ilikuwa mbao. Alikuwa akiokoteza za makasha, au mabaki ya mafundi vitanda wa Buguruni, na mbao za namna hiyo hazijakauka sawasawa. Gitaa linaimba leo, masika yakiingia shingo inapinda, nyuzi zinanyanyuka, linabaki la kutundikia kofia. Wilbert, mwenye duka la vyombo vya muziki pale Kariakoo, alimwambia waziwazi mbele ya wateja. "Mama, mimi nauza ya kontena, yanayotoka nje. Ya nyumbani yanapinda. Niletee moja lililovuka masika bila kupinda, nitalitundika pale mbele kabisa, na jina lako nitaliandika."

"Utapinda wewe kwanza," Angelina alimjibu, akatoka. Lakini lile neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alilitaka lile gitaa moja. Moja tu, lenye jina lake, pale mbele.

Ndipo alipozipata mbao za mkangazi, ule mti mwekundu wa thamani. Walikuwa wanabomoa nyumba ya zamani Kariakoo kupisha ghorofa, nyumba iliyokuwa na duka la vitambaa, na kaunta ya lile duka ilitupwa kwenye kifusi ikanyeshewa mpaka ikavimba. Vibarua walikuwa wameshaiwekea shoka waipeleke kwa mama ntilie. Angelina aliikalia, jamani. Aliikalia kitako katikati ya kifusi na kuwaambia wampasue yeye kwanza. Ubao ambao majora ya kanga yameteleza juu yake tangu enzi za wazee wetu, ugeuke moto wa kuchemshia maharage? Wakamwona mwendawazimu, wakamwachia. Akakodi mkokoteni, akaileta Magomeni, akaichana mbao nne nene.

Mbao iliyolowa ukiiharakisha inakulipa kwa kupinda. Inataka kivuli, inataka upepo, na inataka kugeuzwa. Pa kuziweka akapewa na mwenye nyumba mwenyewe, Bi Moza, bibi mzee, mfupi, mwenye mdomo usio na breki.

"Weka hapa chini ya dirisha langu, mwanangu," Bi Moza alisema. "Upepo wa kwangu haulipiwi kodi."

Na si kwamba alitoa nafasi akanyamaza. Kila Ijumaa baada ya swala Bi Moza alitoka na kanga yake kiunoni, akazigeuza mbao zile moja moja, mgongo umepinda, huku akimlaani aliyeanikia nguo juu yake. "Mbao ni kama chapati," alikuwa akisema. "Usipoigeuza imekuharibikia." Kisha anagonga kwa kidole, anatega sikio, anatingisha kichwa. "Bado. Haijaiva." Miaka ikapita hivyo. Wapangaji wengine waliziona kama takataka. Kuku wakazipanda. Bi Moza akawafukuza kuku.

Mwanawe wa pekee, Khalfani, anauza makava ya simu Kariakoo na ana haraka ya maisha. Kila mwezi alikuwa analeta dalali na futi, wanapima uani, wananong'onezana habari za ghorofa. Bi Moza anatoka na kuwauliza wamepoteza nini. "Nyumba haiuzwi," anawaambia. "Kuna mbao za Angelina zinaiva hapa." Dalali anacheka, anadhani bibi kazeeka. Bi Moza hacheki.

Ijumaa moja akagonga, akatega sikio, akagonga tena. Uso mzima ukafunguka. "Angelina! Njoo usikilize mwenyewe. Imeiva. Kata, mwanangu, nilisikie hilo gitaa kabla sijaenda kwa wenzangu."

"Huendi popote," Angelina alimwambia.

Siku chache baadaye presha ikampanda Bi Moza, akapelekwa hospitali. Kesho yake Angelina akaenda Kariakoo kununua nyuzi nzuri na funguo za kukazia nyuzi, zile za bei mbaya ambazo alikuwa akiziangalia tu kwenye kioo cha Wilbert. Simu yake iliishiwa chaji. Alizunguka na jua lake, akabishana, akapata alichotaka, akarudi nyumbani jioni akipiga mluzi. Pembeni ya nyumba akakuta turubai limefungwa na wanawake wamejaa uani wamejitanda kanga.

Hakuhitaji kuambiwa. Fatuma, jirani wa chumba cha pili, alikuja kumpokea, wakakumbatiana, wakalia. Bi Moza alifariki asubuhi, na wanaume walikuwa wameshaenda kuzika. Angelina alilia kwa sauti kama mtoto. Akajivuta hadi chini ya dirisha la Bi Moza ili aegemee mbao zile, maana ndipo alipozoea kumkuta.

Mbao hazikuwepo.

Palikuwa na unga wa mbao uliomwagika muda si mrefu, mwekundu, na vipande vinne vya ncha za mbao, vifupi kama tofali. Na msumeno wa baba yake umetupwa chini, meno yamejaa udongo.

"Fatuma. Mbao zangu ziko wapi?"

Fatuma akaangalia pembeni. "Dada, mambo ya maiti hayana subira. Walikosa viunza. Khalfani akasema ya nini kwenda kote kule mpaka Buguruni wakati uani kuna mbao zimekaa tu. Akazikata mwenyewe."

Viunza ni zile mbao wanazofunikia mwili kaburini kabla ya kurudishia udongo. Sasa elewa. Kaunta ya mkangazi, miaka yote ile ya kivuli na upepo, gitaa la pale mbele kwa Wilbert, vyote vilikuwa vinaingizwa ardhini muda uleule, na Angelina kasimama na pakiti ya nyuzi mkononi. Zimekaa tu! Hilo ndilo lililomchoma. Kukauka kwa mbao ndiko kukaa tu! Mjinga akiona kitu hakipigi kelele anadhani hakifanyi kazi.

Khalfani aliporudi kutoka makaburini alimkuta Angelina mlangoni. Watu walijaribu kumshika mkono, akawakung'uta.

"Nani alikuruhusu?"

"Dada Angelina, tumetoka kumzika mama sasa hivi."

"Najua ulipotoka. Nimekuuliza nani alikuruhusu."

"Maiti haulizwi sanda," Khalfani alisema, akajaribu kupita.

"Maiti haulizwi! Mwenye mbao anaulizwa! Mimi ni maiti?"

Uani ikazuka minong'ono: msibani, jamani, kwa mbao? Mwanamke gani huyu? Khalfani akapata nguvu. "Si vipande vya mbao tu, nitakununulia vingine. Tena ukae ukijua, hii nyumba sasa haina tena bibi wa kukutetea." Akapita.

Angelina alijifungia. Watakuambia hasira hasara, subira yavuta heri, na methali nyingine zote ambazo watu huzikumbuka wakati aliyeumia si wao. Alimkasirikia Khalfani, akaukasirikia msumeno kwa kukata vizuri, akazikasirikia zile nyuzi. Akamkasirikia hata Bi Moza. Kwa nini afe wakati yeye yuko Kariakoo? Kwa nini azilinde mbao miaka yote halafu aondoke nazo? Alikuwa analia na kutukana kwa pamoja, na Fatuma aliyemletea chai aliiweka mlangoni akaondoka taratibu.

Siku ya hitima turubai lilijaa. Wanaume nje, wanawake uani, dua ikasomwa, pilau ikapakuliwa. Yule dalali naye alikuwepo, kakaa safu ya mbele na sahani yake. Mwishoni shehe akasimama, akasema lile neno ambalo husemwa kwenye kila msiba na aghalabu hakuna anayelijibu: marehemu alikuwa binadamu, kama kuna anayemdai ajitokeze, deni lisimfuate aliko.

Angelina alitoka upande wa wanawake akiwa amekumbatia vile vipande vinne.

"Nipo mimi," alisema.

Khalfani akainuka haraka. "Shehe, huyu ni mpangaji tu, tutayamaliza ndani. Dada, usituaibishe."

"Mwache aseme," shehe alimwambia. "Neno nimelitoa mimi. Unadai nini, mama?"

"Viunza. Mbao alizofunikiwa Bi Moza ni zangu."

"Hawakukuomba?"

"Nilikuwa Kariakoo. Kama waliomba, waliuomba ukuta."

Shehe alimgeukia Khalfani, akamtazama mpaka yule bwana akaanza kukunja na kukunjua ukingo wa kanzu yake. "Umemlaza mama yako chini ya mali ya mtu? Mali iliyochukuliwa bila ridhaa? Hilo ni deni, Khalfani, na mama yako ndiye aliyelala nalo. Mwenye mali asiporidhia, sina la kukusaidia."

Turubai zima likageuka kumwangalia Angelina. Wale waliomsema kwa minong'ono sasa walitaka huruma yake. Alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga kucha kutwa, na angeweza kuyamwaga yote pale. Akaviangalia vile vipande. Akamwona bibi na kanga yake kiunoni, anageuza, anagonga.

"Bi Moza simdai," alisema. "Nimemhalalishia, mbele yenu na mbele ya Mungu. Alizigeuza yeye, alizilinda yeye. Alale nazo. Ninayemdai ni Khalfani."

Khalfani alishusha pumzi, mkono ukaenda mfukoni. "Haya. Sema bei."

"Rudisha mkono wako. Nimekwambia nina bei? Utaniletea mkangazi, mbao nne kama zile. Utazipanga palepale chini ya dirisha la mama yako. Kila Ijumaa ukitoka msikitini utakuja kuzigeuza, wewe, kwa mikono yako, si kumtuma mtu. Na nyumba hii haiguswi mpaka ziive."

"Na nani atasema zimeiva?"

"Mimi."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Khalfani alimwangalia dalali. Dalali aliiangalia pilau yake. Shehe akamuuliza Khalfani mara moja, kwa sauti ya upole kabisa, kama ana shida yoyote na masharti ya aliyemsamehe mama yake. Khalfani akasema hana.

Mbao zililetwa, mbichi, zinatoa harufu, nzito kama mawe. Angelina hakumwambia asante, na kwa nini amwambie? Hakuna mtu anayeweza kumrudishia kaunta ile. Zile nyuzi nzuri zipo bado kwenye pakiti, zimening'inia msumarini mbele ya meza yake ya kazi, na akiziona anakasirika upya. Kwa Wilbert hajarudi. Anaunda ukulele za makasha kama zamani, na unga wa mbao unaingia vyumbani, na Khalfani hana mdomo.

Ijumaa Khalfani anakuja na kanzu yake nyeupe, anazigeuza, anachafuka utomvu, vibanzi vinamchoma viganja. Majuzi dalali alimsindikiza, akasimama mlangoni na futi yake mfukoni. Khalfani alimaliza, akafuta mikono, akainama akagonga kwa kidole kama alivyokuwa akimwona mama yake.

"Mbona kama inalia sasa?" aliuliza.

Angelina hakuinua hata uso kwenye randa.

"Bado," alisema. "Na ile ya pili umeiruka. Igeuze."